Marehemu Dirishani

"Bibi, samahani, hapa inaonyesha umefariki," binti wa dirisha la dawa aliniambia kwa adabu, kama mtu anayeomba apishwe njia.

"Basi nipe insulini ya kuzikwa nayo."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka, kompyuta ilimkatalia, na chupa yangu ya nyumbani ilikuwa imekauka tangu jana. Nikaenda maabara: marehemu. Kwa daktari wa macho: marehemu. Ndipo nikampigia mjukuu wangu wa kike, fundi wa kompyuta za hospitali hiyo hiyo. Akashuka ngazi mbio.

"Mke mwenzangu, umeniua lini?" nikamuuliza.

"Bibi, usinitanie."

Akaniketisha chumbani kwake, kwenye baridi ya mashine. Mimi nikiogopa hutega. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nimeuawa mara moja, nimezikwa kila chumba."

Jibu alilijua, ndiyo kazi yake. Zamani, alisema, kila ofisi ilikuwa na programu yake na majina yake. Wao mafundi wakazigawa kazi: programu moja, wao huiita huduma, kutambua watu, nyingine dawa, nyingine vipimo. Dirisha la dawa halinijui. Linaiuliza ile ya watu, na jibu linaliamini.

"Ukirekebisha pale, Bibi, pamerekebishika pote."

"Na ukikosea pale?"

Akageukia kompyuta, akaanza kuchapa.

Mimi na pacha wangu tulizaliwa siku moja, kwa baba mmoja. Ile huduma ikatuona mtu mmoja. Alipofariki mwenzangu, nikafa naye.

"Nimewatenganisha," akasema baadaye, macho kwenye kioo. "Sasa inauliza kifo ni cha nani. Ndugu wa karibu athibitishe."

Nikachungulia. Kando ya jina la pacha wangu palikuwa na neno moja: hai. Tangu tumzike sijawahi kumwita hayati. Nikimtaja, husema tu "yule mwenzangu".

"Bibi, sukari yako inapanda."

"Mwache kidogo."

"Bibi, tafadhali."

Kinywa kilikuwa kimenikauka, na herufi zilianza kucheza machoni.

"Ni yeye," nikasema. "Mwenzangu amekufa."

Akabonyeza. Haikupita muda, kipaza sauti cha dirisha la dawa kikaita jina langu. Tangu utotoni tumeitwa pamoja, majina mawili kwa pumzi moja, hata tukiwa tumekosa.

Nikasimama, nikangoja la pili.

"Twende, Bibi," mjukuu akasema, akanishika mkono.