Mkono wa Bwana Torazo Mtungini

Siku Bwana Torazo alipopanda kilima chetu cha Tokoname, mji wa wafinyanzi huku Japani, kwa miguu, mkewe Chizuru alikuwa hoi, na si kwa sababu ya mlima. Alichoshwa na maneno. Tangu astaafu, mumewe alikuwa amesoma vitabu vitatu vya ufinyanzi, na kila ukuta uliojengwa kwa mabomba ya udongo walioupita aliutolea mhadhara.

Nilikuwa nachemsha tambi kibandani kwangu, mkabala na karakana ya Bibi Ushio, mfinyanzi wa miaka themanini na miwili. Torazo akaingia karakanani, akapakata mtungi wa shingo nyembamba.

"Chizuru, sogea! Mtungi hautazamwi, unapapaswa. Vidole vya mfinyanzi vimebaki humu tumboni."

"Usitie mkono humo, baba," Bibi Ushio akamwonya.

Akatia. Kuingia, mkono uliingia vizuri tu. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Alivuta, akasokota, akauinua mtungi juu ya kichwa, jasho likimtiririka.

"Uvunjeni!"

"Nani auvunje?" Bibi Ushio akauliza. "Mwenzio huyu mtungi amekaa motoni siku tisa hajalia. Wewe dakika tano tu, kelele mji mzima!"

Nikakimbilia chupa yangu ya mafuta ya ufuta, nikayamimina mdomoni mwa mtungi. Chizuru alikuwa ameketi kizingitini, anacheka huku akijifuta machozi.

"Mume wangu, hebu tueleze. Hivyo vidole umevikuta?"

"Chizuru, huu si wakati wake!"

Bibi Ushio akaukumbatia mtungi. "Sasa nyamaza kabisa, baba. Ukisema, mkono unavimba."

Torazo akafumba mdomo. Bibi akazungusha polepole, mkono ukachomoka kwa mlio wa kizibo, na Torazo mwenyewe akaenda kinyumenyume hadi ndani ya beseni la udongo wa maji.

Baadaye nilimuuliza Bibi kama kweli kusema kunavimbisha mkono.

"Wapi! Nilitaka kupumzisha masikio."

Torazo alikula tambi kwangu kwa mkono wa kushoto, matope yakimkaukia surualini. Chizuru hakuja kula. Alikuwa kwenye gurudumu la kufinyangia la Bibi Ushio, mikono imezama udongoni, akifinyanga kikombe kilichoinama upande kama mlevi. Torazo alikitazama kutoka kibandani, akafungua mdomo aseme neno. Bibi Ushio akageuka, akamkazia macho.

Torazo akaomba bakuli la pili.