Picha Aliyoulizia Njau

Kaka yangu Njau ni mtu wa kupanga mambo mapema. Yeye ndiye mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi katika ukoo wetu, na hana mpinzani. Hema, viti, sufuria, mpangilio wa ibada, vyote huwa tayari kabla machozi hayajakauka. Kwa hiyo sikupaswa kushangaa Jumatano ile, siku sita kabla sijaingia hospitalini kutolewa figo yenye uvimbe, alipoandika kwenye WhatsApp: "Nani ako na picha poa ya Ngendo? Ile ya suti ya bluu ya kanisa. Isikuwe ya ID. Tukae nayo tu karibu."

Alikuwa amefungua grupu jipya la jamaa, lisilo na mimi ndani yake, kisha akakosea akaandika kwenye lile la zamani. Mimi ndiye Ngendo, na nilikuwa humo nikiangalia simu huku chapati iko motoni. Aliufuta ujumbe baada ya dakika mbili, lakini nilikuwa nimeusoma mara tatu na chapati ilikuwa imeungua.

Nilikasirika sana. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la maana, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Nina studio ya picha mtaani Landless, hapa Thika, huu mwaka wa thelathini. Kibao cha nje kinasema pasipoti, harusi na gradueshoni. Hakisemi tanzia, ingawa hiyo ndiyo kazi isiyokosa. Watu huniletea kitambulisho cha marehemu kilichochakaa wakasema hakuwa na picha nyingine, nami nakuza ule uso wa hofu aliopigwa ofisini kwa chifu miaka ishirini iliyopita, nauweka kwenye fremu, na huo ndio unaotangulia mbele ya jeneza. Kuna mama mmoja nilimkata kutoka picha ya harusi ya jirani. Mkono wa mtu mwingine ulibaki begani mwake, nikahangaika nao siku nzima na haukutoka. Alisindikizwa kaburini akiwa na mkono wa mtu asiyemjua.

Na mimi? Miaka thelathini nyuma ya kamera, sina picha yangu hata moja ninayoipenda. Ile ya suti ya bluu alinipiga Njau mwenyewe, kwa simu ya kuazima. Jicho moja limefumba, na uso ni wa mtu anayesubiri kuitwa dirishani benki.

Basi nikaamua. Picha ya tanzia yangu ningeichagua mwenyewe, na ningepigwa ninapotaka mimi, chini kabisa ya maporomoko ya Chania. Nimepiga mabibi harusi na kwaya pale mara zisizohesabika, lakini kila mara tukiwa juu, kwa sababu viatu vya bibi harusi haviteremki kwenye matope. Sijawahi kufika yanapoangukia maji. Nilitaka kufika.

Kuna kikundi cha kanisa moja la Ruiru ambacho hutembea milimani na mitoni kila mwezi, na Jumamosi hiyo walikuwa wakija kwetu Chania. Nikajiandikisha. Njau alipopata habari alifika dukani akihema, akasema mgonjwa hapandi milima. Nikamwambia hakuna mlima, ni kuteremka. Akasema watu watatulaumu kama jamaa. Nikamuuliza watu gani, akaanza kuwataja, na wote walikuwa wanakamati wake. Nikamkumbusha kwamba daktari ameniruhusu kutembea, nikaendelea kufuta lenzi. Kuhusu ule ujumbe hakusema neno, nami sikumsaidia kuanza.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa ukingoni, watu ishirini na kitu, wengi wao umri wa binti yangu. Aliyetuongoza ni Muasya, mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye filimbi shingoni na sauti ya kutosha watu mia. Alitupanga mstari, akafika kwangu, akanitazama viatu, halafu mvi zilizochomoza kwenye kitambaa.

"Shosho, wewe utabaki hapa juu na mabegi," akasema. "Huko chini kunateleza vibaya."

Nilimwambia mabegi yana miguu ya kutosha, maana wenye kuyabeba wapo. Alijaribu kunibembeleza, akasema hata juu picha hutoka poa. Nikamwambia za juu ninazo kabati zima. Mwishowe akapuliza filimbi kwa hasira, akanikatia fimbo, akaniweka nyuma yake kabisa ili nikianguka nimwangukie yeye. Hilo nililikubali.

Njia ilikuwa mbaya kweli. Nilishuka nikishika mizizi, mara mbili nikakaa chini kwenye tope bila kupenda, na ubavu wa figo ulikuwa ukinikumbusha habari zake. Niliogopa. Lakini nilikuwa nimeogopa tangu daktari aliponionyesha ile skani, na angalau woga huu ulikuwa wa kitu ninachokiona. Tulipofika chini, kelele ya maji ilinigonga kifuani na manyunyu yakanilowesha kabla sijafungua mfuko.

Nilipanga kamera mwenyewe. Siku hizi vijana hupunguza spidi ya kamera mpaka maji yanatoka laini meupe kama uji, na mimi sitaki uji. Niliweka spidi ya juu ili kila tone lionekane peke yake. Nikampa Muasya, nikamwonyesha pa kubonyeza na pa kusimama.

"Ni ya nini, mathe?" akauliza. Shosho ilikuwa imeisha njiani; sasa nilikuwa mama, si nyanya tena.

"Ya mazishi yangu."

Alidhani natania. Aliponiona usoni aliishusha kamera, akauliza anipige ngapi. Nikamwambia moja inatosha.

Nikasimama juu ya jiwe, maji nyuma yangu. Nikanyoosha kitambaa cha kichwa, nikainua kidevu kidogo, nikaweka mkono juu ya mkono, nikalegeza midomo bila kuonyesha meno. Ni mkao ninaoujua vizuri. Nimewaweka hivyo wazee wengi waliokuja wenyewe, wakiwa hai, kutayarisha. Na nilipokuwa nimesimama hivyo nikaangalia chini. Mikono yangu ilikuwa imekaa vile wanavyotukunjia mikono tukishalala. Siku tatu zilikuwa zimebaki na mimi nilikuwa nimeshajipanga kama viti vya Njau.

Hapo hasira yote ya Jumatano ikanipanda. Nilimkasirikia Njau, nikaikasirikia figo, na zaidi nikajikasirikia mimi, niliyeteremka njia yote ile kuja kuimaliza kazi ya kamati. Nikavua kitambaa nikakitupa. Nikatanua mikono, nikageukia yale maji yaliyokuwa yakipiga kelele tangu tufike, nami nikapiga kelele yangu.

"Mimi bado!"

Nikasema tena, na tena, mpaka nikacheka na kulia pamoja. Nilipogeuka Muasya alikuwa akibonyeza bila kupumzika. Nilikuwa nimemwambia moja. Alipiga arobaini na mbili.

Jumatatu nilichapisha moja, kubwa kuliko picha yoyote iliyowahi kutoka kwenye duka langu, nikaitundika dirishani. Nywele zimesimama, mdomo wazi hadi pengo la gego linaonekana, sketi ina tope mpaka kiunoni, na matone yamenizunguka, kila moja peke yake.

Jumanne alfajiri Njau alikuja dukani kunipeleka hospitalini. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu, begi langu mkononi.

"Ngendo," akasema, "si watu watasema umerukwa na akili? Hiyo haiwezi kuwekwa kwa programu ya ibada."

"Hiyo ni ya duka."

Akafuta uso kwa kiganja. Kiganja cha kaka yangu mkubwa, aliyezika nusu ya ukoo kwa macho makavu, kilitoka kimelowa. Akauliza polepole, bila kunitazama:

"Na ile ingine? Ile niliulizia?"

Nikafunga mlango wa studio, nikatia funguo mfukoni mwangu mwenyewe.

"Hiyo sijapiga," nikamwambia. "Twende."