Msinywe

Rekodi ikaruka tena.

"Wananchi mnywe maji ya bomba," sauti yake ilisema kwenye hedifoni.

Baragumu, kama mtaa ulivyomwita kwa koo lake, akaivua hedifoni na kuilaani kompyuta pamoja na aliyeitengeneza. Yeye alisema "msinywe". Alilisema kwa mdomo mzima. Mashine ndiyo iliyomeza "si", kisha ikaunganisha kilichobaki kama fundi cherehani mwizi anayekuibia kitambaa na usione mshono.

Studio yake ilikuwa chumba cha kulala. Kipaza sauti kilining'inia msumarini, godoro lilisimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na mkewe alishafukuziwa uani na sufuria zake. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka na kuchanganyika na maji safi. Watoto wa mtaa wa chini walikuwa wanaharisha. Gari la matangazo la idara ya maji lilikuwa njiani kuja kuchukua tangazo hilo.

Alizima intaneti. Akafunga programu zote isipokuwa ile ya kurekodi. Akaongeza akiba ya sauti kwenye mipangilio, maana ikiwa ndogo kompyuta huzidiwa na kudondosha maneno. Akahamishia waya wa kipaza sauti kwenye tundu jingine. Akarekodi. Ikaruka.

"Labda imechoka kukusikiliza," mkewe alisema dirishani. "Mimi mwenyewe huwa naruka maneno yako."

"Mama watoto, si wakati wa mzaha."

"Haya. Basi tazama balbu. Kila jirani akichomelea, inasinzia."

Akatazama. Ng'ambo ya ukuta cheche zililia, balbu ikafifia, na kompyuta ikarukia betri, ikajibana kuokoa chaji, ikawa nzito kama mgonjwa. Hapo ndipo "si" ilipokuwa ikipotelea.

Akapanda ndoo na kuchungulia ukutani. "Fundi! Zima kidogo, kaka. Nirekodi mstari mmoja tu."

"Geti la diwani hili. Utamweleza wewe?"

"Tangazo la maji. Yameingia kinyesi, watu wasinywe."

Fundi akainua kinyago cha kuchomelea. "Maji haya haya niliyokunywa asubuhi?" Akazima mashine, akatema mate mara mbili.

Baragumu aliporudi chumbani, alimkuta afisa habari wa idara ameketi kitandani na viatu vyake, ameivaa hedifoni, anasikiliza rekodi ya mwisho. Alikuwa anatabasamu.

"Imetoka safi," afisa alisema.

"Hiyo mbovu, mkuu. Imekula neno. Nimeshaijua dawa yake, nipe dakika moja."

"Sihitaji nyingine."

"Inawaambia watu wanywe!"

"Mkubwa anakuja kesho kuzindua tangi. Hatuwezi kumpokea na tangazo la kinyesi. Na mimi nimeagizwa nisirudi bila tangazo." Afisa akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikajaa chumba. Akasogeza simu yake karibu, akairekodi mwanzo hadi mwisho. "Idara haijasema wanywe. Wewe hujasema wanywe. Sauti imekatika tu. Au nadanganya?"

"Futa hiyo."

"Kaka, wewe koo lako ni kubwa, lakini kichwa..." Hakumalizia. Honi ililia nje, akatoka.

Baragumu alikimbia nyuma ya gari miguu peku. Lilimwacha kwenye bomba la mtaa, ambako mwanamke mmoja alikuwa anajaza ndoo.

"Msinywe, dada! Maji yana uchafu!"

"Gari limepita sasa hivi, limesema tunywe."

"Limekosea. Neno limekatika."

"Kwani ile si sauti yako?"

"Ni yangu."

"Basi nimwamini Baragumu yupi? Wa kwenye gari au huyu asiye na viatu?"

Foleni nzima ikacheka. Gari lilikata kona ya chini, na sauti yake mwenyewe, nene, yenye heshima, ikarudi juu ya mabati kuwaambia wananchi wanywe. Akapaza sauti kuishinda ile ya gari. Gari lilikuwa na vipaza sauti vinne. Yeye alikuwa na koo moja, na lilikuwa limeanza kukauka.

Akaipiga ndoo teke. Maji yakatapakaa.

Mwanamke alimtukania mama yake na bibi yake, akaiokota ndoo, akaisuuza, akairudisha chini ya bomba.

Baragumu akangoja ijae, akaipiga teke tena.