Mchunga Bata Bukini Ana Zamu

Jumamosi saa nne asubuhi, hapa Sofia, Zdravka alichuchumaa mbele ya duka la kadi za mchezo. Duka liko chini ya ardhi na dirisha lake liko usawa wa lami, kwa hiyo kila mnunuzi huchuchumaa, hata yeye, mstaafu wa posta mwenye magoti yanayolia.

Zdravka hakukusanya majoka wala wafalme. Alikusanya kadi za kawaida, zile zinazojaa kila pakiti na kutupwa: wachota maji, wapagazi, askari wanaoliwa kwanza. Ila alizitaka zile zinazong'aa, ambazo hutoka kwa bahati tu. Katika seti ya mia moja na moja alikuwa amebakiza Mchunga Bata Bukini. Mwaka wa sita huu anamtafuta.

"Kitendawili!" aliita dirishani.

"Tega, shangazi," Kamen, mwenye duka, alijibu kutoka chini.

"Nimelala nimenyooka, mvua ikinukia, najikunja kama anayeumwa tumbo."

"Kadi ya kung'aa ikipata unyevu. Kila wiki hicho hicho! Haya, mchunga bata wako huyu hapa. Hajajikunja hata kidogo."

Zdravka alikagua pembe zote nne. Akatazama kingo, akaiinamisha kadi juani kutafuta mikwaruzo, akailaza kiganjani kuona kama imepinda. Kisha akatoa kadi zake mbili za ziada za farasi wa kung'aa, wakabadilishana, kadi ikaingia kwenye kifuko chake cha plastiki. Ikishaingia kifukoni hairudishwi. Ndiyo sheria.

Picha hakuitazama. Wakusanyaji wana mengi ya kutazama.

Nyumbani, akila banitsa, mkate wake wa jibini, aliona kwenye kadi bata bukini saba, mto, na fimbo imeegemezwa kwenye mti. Mchungaji hakuwepo.

Akarudi dukani, akainama mpaka shavu likakaribia lami. Mle ndani mtu wa urefu wa kijiko alikuwa akifagia rafu, ubavu ukimetameta kila alipogeuka. Wenzake wawili walipanga pakiti. Joka lilikuwa kwenye kabati la kioo, chini ya taa yake, limelala.

"Kamen, huyo ni wangu."

"Kadi ndiyo yako, shangazi. Yeye ana zamu."

"Unamlipa?"

"Wa kawaida huyo! Wako wangapi?"

"Wanaong'aa wako wangapi?"

"Ndiyo raha yake. Anafagia huku anajimulikia."

Mchungaji akasogea dirishani, akavua kofia. "Mama, bata wangu hawajambo?"

"Hawajambo. Njoo nyumbani basi."

"Jumapili, mama. Jumapili ananiachia."

Nyuma ya Zdravka mtu mwingine alikwisha kuchuchumaa. "Mama, umemaliza? Mimi nataka kuliona joka."

Zdravka akasimama kwa taabu, akampisha.

Jumapili asubuhi mlango uligongwa chini kabisa, karibu na kizingiti. Mchungaji aliingia, akapanda mguu wa meza, akakubali chembe ya jibini, akajipenyeza ndani ya kadi. Zdravka akampigia jirani yake Penka aje aione seti, mia moja na moja, hakuna hata mmoja aliyepungua.

Penka akavaa miwani, akapekua albamu hadi ukurasa wa mwisho.

"Mbona huyu amelala, na bata wanaingia mtoni?"

"Kachoka. Kesho anaingia zamu saa moja."

Zdravka akaifunga albamu polepole, asimwamshe.