Nyundo za Kumuaga Craig

Kanisani Thornbeck, mji mdogo wa Lancashire, likitokea jambo la kuamua, kama kubadili saa ya ibada au kuupaka mlango rangi, mchungaji huuliza, "Wanaokubali?" Mikono huinuka, huhesabiwa, jambo likaisha. Ndivyo ilivyo kwenye chama cha wafanyakazi, ndivyo ilivyo hata kwenye klabu ya wazee wa kiwandani wanapobishania bei ya bia. Mtu mmoja, mkono mmoja. Maureen Entwistle alizaliwa akaikuta desturi hiyo. Alifika umri wa miaka sabini na minne bila kujua kwamba kuna mahali mkono wa mtu huweza kuinuliwa, ukahesabiwa, ukashinda, na bado usiwe kitu.

Alikuwa mjane. Mumewe, Ronnie, alichonga chuma maisha yake yote katika kiwanda cha Royle, pale chini ya mlima, panapotengenezwa maganda ya makombora ya mizinga. Mtoto wao mmoja, Craig, aliingia kiwandani humo humo akiwa kijana, na sasa nywele zake zilikuwa zimeanza kupungua mbele ya mashine ile ile aliyoiacha baba yake.

Kwa Royle kulikuwa na desturi moja. Mtu akimaliza utumishi wake, siku ya mwisho wenzake hushika nyundo na kugonga meza za chuma, kuanzia kwenye mashine yake mpaka langoni. Yeye hupita katikati, na haruhusiwi kugeuka nyuma. Mji mzima husikia. Wanawake waliokuwa wakianika nguo husimama na kuulizana, "Leo nani?" Ronnie hakugongewa. Mapafu yalimwangusha kabla ya siku yake, akatoka kwa gari la wagonjwa, na nani angegonga nyundo nyuma ya gari la wagonjwa? Basi Maureen alikuwa na ombi moja ambalo hakumwambia mtu, ila Mungu: Craig amalizie utumishi wake hapo hapo Thornbeck, agongewe, na kama yeye mwenyewe atakuwa ameshatangulia, basi sauti imfikie huko makaburini alikolala Ronnie.

Jioni moja ya Februari Craig alikuja kula kwa mama yake kama kawaida. Maureen alikuwa ameoka pai ya nyama na viazi. Akaomba baraka, akamkatia kipande kikubwa. Craig akakitazama tu.

"Kula, mwanangu. Pai haitazamwi."

"Mama, umesikia habari ya mfuko wa Ulaya?"

"Mfuko gani tena?"

"Nchi za Umoja wa Ulaya zimetenga fedha nyingi za kununulia silaha kwa pamoja."

"Si heri hiyo? Oda zitakuja."

"Zitakwenda kwa wenzao. Sharti lao ni kwamba sehemu kubwa ya silaha iwe imetengenezwa ndani ya umoja. Na sisi tulitoka, unakumbuka."

"Nitasahauje? Baba yako alipiga kura ya kutoka, akaja hapa akajipongeza kwa chupa mbili."

Craig akacheka kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Serikali ilikwenda kubisha hodi. Wakaambiwa kiingilio, wakakiona kikubwa, wakavutana mpaka mazungumzo yakavunjika. Sasa wakubwa wa Royle wanasema, kama hatuwezi kuingia kwa mlango wa London, tutaingia kwa mlango wa Poland. Wanataka kuhamisha mashine zote. Ganda likichongwa kule, linahesabika la kule."

Maureen akaweka uma chini. "Na wewe?"

"Wamenitaka niende nikawafundishe watu wa huko. Kisha nibaki kuwa msimamizi."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia nangoja mkutano wa wenye hisa. Wakikataa kuhama, sitoki hapa. Wakikubali..." Akasukuma sahani. "Mama, nina miaka arobaini na sita. Hapa nitafanya nini? Nikapange maboksi ghalani?"

Maureen akamrudishia sahani. Alimtazama mwanawe akimaliza pai yake kwa adabu, kama mtu anayekula ugenini, na moyo ukamwambia kwamba safari imeshaanza.

Lakini shemeji yake, Derek, mdogo wake Ronnie, hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi mpaka alipostaafu, na sauti yake mpaka leo ilikuwa ya kuhutubia uwanjani. Zamani, kila Krismasi, Royle waliwagawia wafanyakazi hisa chache. Karibu kila mstaafu wa Thornbeck alikuwa nazo, na wajane walizirithi. Derek akawaita wote klabuni.

"Hao wakubwa wenye tai watakuja wangapi?" akauliza. "Hawajazi hata basi. Sisi tukienda sote, tunaujaza ukumbi. Ikipigwa kura, ni mikono yetu hiyo!"

"Derek, umeanza," akasema Sheila Ormerod, jirani na shoga yake Maureen, mjane mwenzake, aliyepika chakula cha watoto shuleni mpaka mgongo ukamkataza. "Safari ya mwisho uliyotuongoza ni ile ya Blackpool. Tulikaa kwenye mvua mpaka meno yangu ya bandia yakapata homa."

Watu wakacheka. Derek akamnyooshea kidole. "Wewe utakaa mbele, nikuone."

Wakati wa kurudi nyumbani Sheila alimshika Maureen mkono, maana barabara ilikuwa na barafu. "Nikuulize kitu, shoga, usinikasirikie. Jumapili tunaombea amani, na wewe sauti yako naisikia kuliko zote. Jumatatu unaomba kiwanda kipate oda. Sasa Mungu akusikilize ya siku gani?"

"Yeye ndiye ajuaye kupanga," akasema Maureen. Lakini neno lile lilimchoma, na usiku ule halikumwacha.

Siku ya mkutano walikwenda Manchester kwa mabasi mawili, na mikate yao iliyojazwa jibini na chai ya chupa. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na zulia nene kiasi kwamba nyayo zao hazikutoa sauti, na wazee waliozoea kelele za mashine wakajikuta wananong'ona. Kweli walikuwa wengi. Wenye tai walijaza safu mbili tu. Karibu na Sheila aliketi msichana mmoja aliyevaa suti, jina lake limeandikwa kifuani, Nisha. Maureen aliona kwamba kucha zake zilikuwa zimetafunwa.

Mwenyekiti, Bwana Lathom, alizungumza kwa upole. Alisema kiwanda kisichopata oda hufa, na kwamba Ulaya sasa inanunua kwa pamoja, aliye nje ya uzio huambulia harufu ya chakula. Derek akasimama, akasema watu wa Thornbeck wamechonga chuma kwa ajili ya nchi hii katika vita na katika amani, na kwamba mashine hubebwa, lakini mji haubebwi. Watu wakapiga makofi mpaka vikombe vikalia.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Wanaokubali tuhame?" Ikainuka mikono ya safu mbili. "Wanaokataa?"

Ukumbi ukawa kama shamba la mahindi. Mikono ya mafundi, mingine imepungua kidole, mikono ya wajane yenye pete zilizolegea, yote juu. Maureen aliinua wake, na wa Sheila ukainuka pembeni. Mwenyekiti akatamka kwamba hoja imekataliwa kwa mikono. Derek akaketi, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia. Nyuma kule mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, na wengine wakaupokea. Maureen hakuimba. Alikuwa akisema kimya kimya, "Asante, Bwana, asante, anabaki."

Mwenyekiti alingoja wimbo uishe. "Nawashukuru," akasema. "Sasa, kwa mujibu wa katiba ya kampuni, naitisha kura ya hisa."

Watu wakatazamana. "Kura si imekwisha?" akauliza Derek.

"Ile ilikuwa ya mikono, bwana. Hii ni hisa moja, kura moja. Na hii ndiyo itakayotawala."

"Basi ile ya mikono ilikuwa ya nini?"

Bwana Lathom akapangusa miwani yake. "Ni utaratibu," akasema.

Wakaelezwa kwamba wenye hisa nyingi, wale wenye mafungu makubwa, walikuwa wamekwisha kupeleka kura zao kabla ya siku ile. Jogoo alishachinjwa, na watu wa Thornbeck walikuwa wakibishana kama awike. Matokeo yalisomwa chai ikiwa bado ya moto. Kura za Thornbeck zote pamoja zilikuwa kama chumvi iliyomwagwa baharini. Royle wanahama.

Sheila akamgeukia yule msichana.

"Binti, wewe umepiga upande gani?"

"Wa kuhama, bibi."

"Kwa nini, mwanangu? Una uso mwema hivyo."

Nisha akainamisha kichwa. "Fedha si zangu. Nasimamia za wastaafu. Kiwanda kikikosa soko la Ulaya, hisa zitaanguka, na wazee wataumia."

"Wazee gani hao?"

"Wa halmashauri za Lancashire. Wafagiaji, walezi wa wagonjwa, wapishi wa shule..."

Sheila akaondoa mkono wake uliokuwa juu ya kiti cha msichana, akaushika kwa mkono mwingine, kana kwamba umeungua. Alikaa hivyo mpaka watu walipoanza kutoka. Ndani ya basi, walipokuwa wamekaribia kabisa Thornbeck, ndipo aliposema, "Maureen, mkono huu nimeuinua kumtetea Craig. Kumbe ninao mwingine huko mbali, kwenye pensheni yangu, umemsukuma mlangoni, nami sina habari nao."

Maureen akamkumbatia bega.

Baada ya mkutano hisa zilipanda. Magazeti yakasifu, yakasema Royle wameona mbali. Sheila alilisoma gazeti mezani kwa Maureen, akasema, "Tumetajirika, shoga," na wote wawili hawakucheka. Jumapili, mchungaji alipoomba amani, Maureen alifunga macho, akajikuta hana la kusema. Alikumbuka miaka yote aliyoomba vita viishe huku akimwandalia mumewe nguo za kwenda kuchonga makombora, na mbele za Mungu akaona kwamba ombi lile hajapata kuliomba kwa moyo mzima hata siku moja. Hakujitetea. Akamwombea Craig safari, akasema amina.

Mashine ziliondoka moja moja, zimefunikwa turubai, kuelekea bandari ya Hull. Meza za chuma ziliuzwa kuwa vyuma chakavu. Wafanyakazi waliachishwa kazi kwa mafungu, na Craig akabaki wa mwisho, afunge mashine ya mwisho na kuondoka nayo, ameketi kando ya dereva wa lori.

Derek alikuja kwa Maureen siku iliyotangulia. "Hatumgongei," akasema. "Nyundo ni za mtu aliyemaliza. Craig anahama, hajamaliza. Desturi ni desturi, shemeji. Tukimgongea, ni kama tumekubali kwamba imekwisha."

"Imekwisha, Derek."

"Kwangu haijakwisha."

"Basi kaa na yako," akasema Maureen kwa upole.

Asubuhi Craig alimuaga mama yake jikoni. Alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia Krismasi atakuja, akamwambia avae glavu akienda kanisani. "Na usije langoni, mama. Hakuna cha kuona. Hata meza za kugonga hazipo."

"Nenda na Mungu, mwanangu."

Alipokwisha kutoka, Maureen alikwenda nyuma ya mlango wa stoo, akaitoa nyundo ya Ronnie pale ilipotundikwa tangu msiba. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Akaitia kwenye kikapu cha sokoni, akashuka mlima taratibu, akasimama kwenye uzio wa vyuma ulio kando ya lango la Royle. Lori lilikuwa likingoja barabarani, injini inanguruma. Hapakuwa na mtu mwingine ila mlinzi, na Derek, aliyesimama ng'ambo mikono mifukoni, kama mtu aliyepita tu.

Craig akatoka. Alikuwa peke yake, na mlango mkubwa ulifungwa nyuma yake.

Maureen akainua nyundo, akaugonga uzio. Ilitoka sauti nyembamba, si ile ngurumo ya siku za zamani, ilikuwa kama kijiko juu ya sufuria. Craig akasimama ghafla. Maureen akagonga tena, na tena, na katika kugonga kwake hakujua tena anamgongea yupi, mwana au baba. Mkono ukaanza kufa ganzi. Ndipo alipohisi nyundo ikichukuliwa kutoka vidoleni mwake. Derek alikuwa amevuka barabara. Akagonga kwa nguvu za ujana wake, mpaka kutu ikaruka na madirisha ya mlimani yakaanza kufunguka, na wanawake wakauliza, "Leo nani?"

Craig akaanza kutembea. Alipita mbele yao macho yakiwa mbele, taya limekaza, na machozi hakuyafuta. Akapanda lori. Mlango ukafungwa. Lori likasogea, likapita duka la samaki, likapita kanisa.

Desturi inasema anayeondoka hageuki. Maureen alijua. Alikuwa amelelewa na desturi hiyo kama alivyolelewa na maandiko, na hakupata kusikia mtu wa Royle aliyeivunja. Lakini aliushika uzio kwa mikono miwili, akamwomba Mungu, kwa moyo mzima safari hii, mwanawe ageuke mara moja tu.

Lori lilikata kona. Craig alikuwa mwana wa Ronnie kwelikweli. Hakugeuka.