Zaidi ya Mia Mbili

Maabarani wananiita Bwana Tone, kwa kuwa simwagi hata tone la dawa ya kupimia. Utani huo zamani niliupenda. Siku hizi nikiusikia moyo unanipasuka.

Napima damu za wodi ya walioungua. Mtu aliyeungua huwa na homa hata kama hana vijidudu, kwa hiyo kipimajoto hakimsaidii daktari. Anategemea namba yangu, ya protini inayopanda mwili unapopigana. Namba ya siku moja haisemi kitu. Ikishuka siku hadi siku, mgonjwa anapona. Ikishuka kisha ikapanda tena, vijidudu vimeingia.

Mashine yetu inaishia mia mbili. Ikizidi hapo inaandika "zaidi ya mia mbili", na mpimaji anatakiwa aichanganye damu na maji maalumu, aipime upya, kisha azidishe jibu. Hilo linakula dawa mara mbili. Mimi niliandika "zaidi ya mia mbili" nikaendelea na mirija mingine. Haba na haba hujaza kibaba, nilijisemea, mjinga mimi.

Kitanda cha sita alilala mama mmoja fundi cherehani, aliyelipukiwa na jiko. Siku nne mfululizo nilimwandikia maneno yale yale. Daktari akaona hali haijabadilika, akamwambia binti yake wasubiri. Siku ya tano kitanda kilikuwa kitupu; alifariki usiku.

Damu yake ilikuwa bado kwenye friji. Niliitoa, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Mia tatu arobaini. Mia mbili sitini. Mia tatu tisini. Mia tano na kumi.

Mkuu wa maabara nilipomwonyesha alisema funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika. Lakini kila asubuhi nikifungua friji naiona mirija ile minne, jina lake kwa mwandiko wangu. Juzi nilisoma mia tano na kumi kwenye jibu la mgonjwa mwingine, nikakimbia hadi wodini na karatasi mkononi. Muuguzi aliisoma, akanitazama. Ilikuwa imeandikwa tisini.

Leo mchana yule binti alikuja dirishani kutushukuru. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mama yake alipimwa kila siku bila kukosa. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikatoka nje, nikampa karatasi yenye namba nne.

Aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo siku ya tatu mlijua, baba?"

"Hapana, mwanangu. Siku ya tatu damu yake ilijua. Mimi sikuiuliza."

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu kuipima upya kunachukua muda gani.

"Dakika kumi."

Akakaa kwenye benchi, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Nilisimama mbele yake mpaka dakika kumi zikaisha.