Suruali ya Fundi

Tangu Fundi atolewe tumbo kwa ajili ya saratani, mkewe alikuwa na vita vimoja tu, vita vya kijiko. Muuguzi alisema mgonjwa ale kidogo kidogo, kila baada ya muda mfupi, na atafune kila kitu vizuri. Daktari naye akaonya kwamba akizidi kukonda, dawa ya dripu itasitishwa, maana mwili hautaihimili. Basi mama wa watu akapika, akaponda, akachuja. Fundi humeza vijiko viwili, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akajinyoosha kitandani na kuomba asisemeshwe.

Kilichompa mkewe moyo ni suruali. Ile ya kijivu ilimkaa mumewe kiunoni vilevile, wiki nenda wiki rudi. Mzani Fundi aliupiga chenga, mara kliniki ina foleni, mara kichwa kinamgonga, naye mkewe akamwachia. Suruali si inamkaa? Wateja wa cherehani yake, waliozoea kumwita Kitambi, walipouliza tumbo limekwenda wapi, Fundi aliwajibu kwamba alikuwa ameliazima tu, na mwenyewe kaja kulichukua. Wakacheka, na mkewe akacheka.

Siku moja mkewe alimpelekea uji chumba cha cherehani, akamkuta amejifunga shuka, kasinzia kitini. Sakafuni kulikuwa na vipande vya kitambaa cha kijivu. Loh! Akaivuta suruali iliyokuwa bado chini ya sindano, akaigeuza ndani nje. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa, kikapunguzwa tena, mshono juu ya mshono. Kumbe muda wote huo alikuwa akimshukuru Mungu kwa kazi ya cherehani.

Lakini kilichomkata maini hasa ni vile vipande. Fundi hakuwa mtu wa kukata. Mteja aliyekonda humkunjia kitambaa cha ziada kwa ndani, naye Fundi humwambia kila mmoja maneno yaleyale, kwamba mwili ukirudi wataachia.

Fundi akafumbua macho, akaona alichoshika mkewe.

"Umekata," mkewe akasema.

"Wateja nawakunjia kwa sababu siijui miili yao. Wangu naujua, mama."

Mkewe akaiweka suruali kando. Uji ulikuwa umeshika utando. Akaukoroga, akaketi sakafuni kando ya kiti, akachota nusu kijiko na kukinyoosha. Kilikaa hewani kitambo. Mwishowe Fundi akafungua kinywa, akautafuna ule uji, polepole, kama alivyoagizwa.